Tuzo ya mhadhiri bora huku posho hazijalipwa: itaongeza ari ya kazi?

Mwanakusini, Mtwara:
Habari zenu, wanajukwaa. Ninafundisha katika chuo kimoja hapa Mtwara, na uongozi wetu unakusudia kutoa tuzo ya fedha kila mwaka kwa mhadhiri bora, ilhali posho za kusahihisha mitihani ya muhula uliopita bado hazijalipwa. Je, tuzo ya namna hiyo itatufanya turidhike na kazi na kuifanya vizuri zaidi, au itawavunja moyo walio wengi?

Mzee wa Nachingwea:
Mwalimu, mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake walieleza mwaka 1959 kwamba yanayoondoa manung'uniko kazini siyo yanayoleta ari. Mshahara na taratibu za mwajiri zikiwa mbovu humchukiza mtu, lakini ari yenyewe hutokana na mafanikio, kutambuliwa, kupewa wajibu na kukua. Posho iliyocheleweshwa ni deni, na mkulima wa korosho anayesubiri fedha zake za mnada hawezi kushangilia cheti cha mkulima bora.

Binti Mikindani:
Shikamoo, mzee. Naomba nitofautiane nawe kidogo, kwa sababu Herzberg aliwahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, na kwa mhadhiri fedha na heshima hazitenganishwi kirahisi hivyo: anayepanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi hupata vyote viwili kwa pamoja. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba tuzo huelekeza jitihada. Upandaji vyeo unapotegemea sana machapisho, mwenye darasa la mamia ya wanafunzi atasahihisha harakaharaka ili apate muda wa kuandika makala, na wanaoumia ni wanafunzi, ambao hawana kura katika jambo hilo. Kwa hiyo ningependa tuzo ipime ufundishaji, na mshindi apunguziwe vipindi kwa muhula mmoja, kwani muda ndio tunaoukosa kuliko kitu kingine chochote.

Mwanakusini, Mtwara:
Nashukuru sana, mzee wangu na dada yangu. Nitapendekeza kwenye kikao cha idara kwamba madai yalipwe kwanza, na vigezo vya tuzo vitangazwe mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kabla mtu yeyote hajajulikana kuwa anaongoza. Hilo la kupunguziwa vipindi nitaliwasilisha pia, ingawa itabidi kwanza tukubaliane nani atavibeba.