MJADALA: BBC ya Reith ilikuwa na haki gani ya kuwafungia Waingereza burudani siku ya Jumapili?

Mleta mada:
Wadau salama? Kila tukigusa hizi redio za FM na matangazo yao ya betting lazima atokee mtu aseme "redio ya zamani ndo ilikuwa redio", na mfano wake anaoupenda ni BBC ya kabla ya vita ya pili, ile ya yule mzee wa Kiskoti John Reith aliyekuwa mkuu wake. Mi nakataa, na leo tubishane kwa hoja.

Chukua siku ya kawaida katikati ya miaka ya 1930. Saa nne na robo asubuhi ibada fupi, hiyo ilianza Januari 1928 na ikawa kila siku za kazi. Halafu majira ya saa kutoka Greenwich, hali ya hewa kwa ajili ya mabaharia, kidogo mambo ya kina mama walioko nyumbani, mchana vipindi vya mashule, saa kumi na moja na robo jioni kipindi cha watoto. Saa kumi na mbili jioni ndo taarifa ya habari ya kwanza. Ya kwanza! Toka BBC inaanza 1922 wenye magazeti walikaba redio isitangaze habari mapema isije ikawaharibia biashara. Usiku maongezi ya wataalam na okestra, ukifika saa nne na nusu ndo unapigiwa bendi za dansi kutoka mahoteli makubwa ya London mpaka saa sita, yaani jamaa wa kiwandani anayeamka alfajiri kawekewa dansi muda ambao yeye anakoroma.

Hayo naweza kuyasamehe. Kesi yangu ni Jumapili. Kwa miaka mingi asubuhi yote ilikuwa karibu kimya, vipindi vinaanza saa sita na nusu mchana, na vikianza ni muziki mzito wa kina Bach, maongezi ya adabu, ibada ya jioni. Dansi hakuna, vichekesho hakuna, marufuku. Na huyo msikilizaji kalipia leseni ya redio shilingi 10 kwa mwaka sawa na tajiri wa London, na Jumapili ndo siku pekee yuko nyumbani kutwa nzima. Siku ambayo mlipaji yupo ndo siku mmemfungia duka. Nani alimpa Reith hiyo ruhusa?

Mwalimu Mstaafu:
Mleta mada punguza munkari. Unaihukumu Uingereza ya wakati ule kwa macho ya leo. Jumapili kule maduka yalifungwa, mechi za ligi hazichezwi, redio ndo ingekuwa ya kwanza kupiga dansi watu wakiwa kanisani? Na Reith alikuwa anaiona Marekani ilivyokwenda, kila kipindi kina mwenye sabuni nyuma yake. Yeye kasema redio ni huduma ya umma, haina tangazo hata moja, basi.

Mnasahau na alichojenga. Kaanzisha vipindi vya mashule 1924. Mwaka 1927 BBC ikayaokoa matamasha ya muziki wa okestra ya Proms yalipokosa mfadhili, 1930 ikaunda okestra yake chini ya kondakta Adrian Boult. Mchimba makaa ambaye hajawahi kununua tiketi ya ukumbi wowote anamsikia Beethoven jikoni kwake bure. Mtoto ukimwachia achague chakula mwenyewe kila siku atakula pipi, hilo Reith alilijua na alilisema waziwazi kwenye maandishi yake ya 1924, kwamba ni wachache wanaojua wanachotaka na wachache zaidi wanaojua wanachohitaji.

Mleta mada:
Mwalimu shikamoo, lakini ona ulivyoandika, "mtoto". Hapo ndo ugomvi wangu wote ulipo. Hao walikuwa watu wazima, wanalea familia na wanapiga kura, sio watoto.

Fundi Betri:
Mnabishana utadhani redio ilikuwa ya kubonyeza tu swichi. Nyumba kibao zilikuwa hazina umeme, redio inakula betri kavu ya volti nyingi PLUS betri ya maji ya volti 2, chupa ya kioo ina sahani za risasi na asidi ndani. Hiyo ya maji ikiisha, na iliisha kila baada ya wiki hivi, mtoto anatumwa aibebe mpaka duka la baiskeli au gereji ikachajiwe, anatembea ameishika mbali na mwili maana asidi ikimwagika kaptula ndo basi tena. Wenye uwezo kidogo walikuwa na mbili, moja dukani moja kwenye redio. Sasa mtu anayehesabu chaji namna hiyo we unadhani Jumapili ataichoma kwa mahubiri ambayo kashayasikia kanisani asubuhi? Ataitunza kwa kile anachokitaka yeye.

Kijana wa Mawimbi:
Na alichokitaka kilikuwepo, ng'ambo. Hapa ndo Reith alipigwa chenga. Kapteni Leonard Plugge, alikuja kuwa mbunge wa chama cha Conservative huyo, akakodi muda Radio Normandy pale Fécamp pwani ya Ufaransa akawa anarusha Kiingereza na matangazo ya biashara kuelekea kusini mwa Uingereza. Halafu 1933 ikaja Radio Luxembourg, mtambo wa kilowati 200 unaingia mpaka sebuleni. Jumapili saa kumi na moja na nusu jioni watoto wote wako kwenye kipindi cha kinywaji cha Ovaltine, wana klabu yao, beji na alama za siri.

Wakubwa walijaribu kila fitina. Posta, ambayo ndo ilikuwa na simu enzi hizo, ikakataa kuwapa laini za simu za kupeleka sauti kutoka London, basi wakawa wanarekodi kwenye studio London kwenye sahani za santuri, zinasafirishwa zinaenda kupigwa kule. Magazeti nayo yakagoma kuchapa ratiba yao, gazeti moja tu Sunday Referee likachapa, likatimuliwa kwenye umoja wa wenye magazeti. Watu wakatafuta masafa wenyewe kwa kidole.

Mama Kalenda:
Ila tuseme ukweli hiyo Luxembourg ilikuwa sabuni na dawa ya meno mwanzo mwisho. Kutoka kwa mchungaji kwenda kwa muuza sabuni sioni uhuru gani hapo.

Mleta mada:
Mama Kalenda hoja nzuri, ila muuza sabuni hakukutoza leseni wala hakuwa yuko peke yake kisheria, BBC ndo ilikuwa peke yake ndani ya nchi. Ukiwa peke yako unatakiwa ubebe watu wote.

Na Mwalimu, hiyo huduma ya umma tuiangalie vizuri. Mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Mei 1926 magazeti mengi yalisimama, BBC ikawa inasoma habari kuanzia asubuhi mara kadhaa kwa siku (kumbe inawezekana!), lakini Ramsay MacDonald, kiongozi wa upinzani bungeni, alipoomba nafasi ya kuongea alinyimwa. Mwaka 1929 injinia mkuu wao Peter Eckersley, mtu aliyeijenga mitambo yenyewe, akalazimika kuondoka sababu ya kesi ya talaka. Mzee Reith alikuwa anasimamia redio na vyumba vya watu pia.

Mwalimu Mstaafu:
1926 nakuachia, pale hata mimi naumia. Lakini leseni zilipanda kutoka milioni 2 na ushee 1927 hadi karibu milioni 9 ilipofika 1939. Watu waliochukizwa hawalipi.

Mleta mada:
Mwalimu leseni ni ya kuwa na redio, sio ya kuipenda BBC. Hata wa Luxembourg alilipa shilingi 10 zilezile, na hela haikwenda Luxembourg.

Angalia na kilichofuata. Reith kaondoka 1938, Jumapili ikaanza kulegezwa kidogokidogo. Septemba 1939 vita, Luxembourg ikazimwa, BBC haina mshindani tena, si ndo wakati mzuri wa kurudisha Jumapili ya Reith? Mwanzoni mwa 1940 wakafungua idhaa nyingine kwa ajili ya askari waliokuwa Ufaransa, dansi na vichekesho, Jumapili imo. Raia nyumbani nao wakahamia hukohuko kwa wingi. Askari anayesubiri risasi hawakuthubutu kumpangia.