Majalada matatu yasiyo na mbwembwe: lipi limefaulu zaidi?

Mpenda Santuri:
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe majalada matatu yanayotajwa sana panapozungumzwa usanifu wa mapambo machache: albamu nyeupe ya Beatles ya mwaka 1968, Unknown Pleasures ya Joy Division ya mwaka 1979, na Yeezus ya Kanye West ya mwaka 2013. La kwanza lilisanifiwa na msanii Mwingereza Richard Hamilton, mwaka mmoja tu baada ya bendi hiyo kutoa Sgt. Pepper's, ambayo jalada lake lilifurika sura za watu na rangi za kila namna. Yeye aliacha weupe mtupu, jina la bendi likavimbishwa bila wino na kulazwa upande kidogo, kisha kila nakala ikagongwa namba yake. La pili lilisanifiwa na Peter Saville, mistari myeupe juu ya weusi, bila jina la bendi wala la albamu upande wa mbele. La tatu ni kasha la plastiki angavu lenye stika nyekundu, na diski yenyewe inaonekana. Siulizi lipi linapendeza. Nauliza ni wapi kilichoondolewa kimekipa nguvu kilichobaki. Mimi naelekea kwa Saville.

Binti Pangani:
Nakuunga mkono, ila kwa sababu nyingine. Mistari ile haikubuniwa na mchoraji. Ni rekodi ya mawimbi ya redio kutoka pulsa CP 1919, nyota iliyogunduliwa Cambridge mwaka 1967, ambayo hutoa mpigo mmoja kila baada ya sekunde 1.337 hivi. Katika kitabu cha elimu ya nyota ilimotolewa, mistari ilikuwa myeusi juu ya weupe, na Saville akaigeuza. Uamuzi huo mmoja ndio uliofanya mchoro wa kisayansi uonekane kama kitu kinachopumua gizani. Jalada la Beatles, kwa upande wake, lina ujanja: ukilifungua unakutana na bango kubwa na picha nne za wanamuziki. Nje ni kanzu nyeupe, ndani ni sherehe nzima.

Fundi Chapa:
Naomba niseme kama mtu aliyekaa miaka mingi kiwandani. Wengi hudhani jalada tupu ni kazi rahisi, kumbe picha yenye vurugu ndiyo inayoficha makosa. Weusi mpana ni mtihani: wino mweusi peke yake hutoka kama mkaa uliofifia, kwa hiyo tunatanguliza samawati chini yake, na karatasi isipokunjwa kwa uangalifu, wino hupasuka kwenye mkunjo na mstari mweupe hujitokeza. Niliwahi kurudishiwa kazi nzima ya kwaya moja kwa kosa hilo hilo. Ama maandishi ya kuvimbisha, kila aliyewahi kupokea kadi ya harusi ya gharama anayafahamu: yanahitaji chapa mbili, moja ya kusukuma na moja ya kupokea, na zikipishana hata kidogo herufi zinalegea. Kwa kipimo cha ufundi, Hamilton anashinda. Matoleo ya baadaye yaliyochapishwa jina kwa wino wa kijivu yamepoteza nusu ya wazo, kwa sababu jina lile lilikusudiwa kuonekana kwa kivuli chake tu.

Mwana wa Likoni:
Fundi, hoja yako ni nzuri kwa mwenye santuri mkononi. Vijana wetu wanaliona jalada kwenye simu, likiwa dogo kama stempu, na hapo weupe wa Beatles hugeuka kuwa nafasi iliyosahauliwa kujazwa. Mistari ya Saville bado inatambulika, na stika nyekundu pia. Hata hivyo Yeezus mimi siipi alama nyingi, kwani kuondoa kijitabu na jalada bila kumwachia mnunuzi kitu cha kugusa ni kubana matumizi kuliko usanifu. Namba za Beatles angalau zilikuwa na kejeli ndani yake, kwani namba huwekwa kwenye picha za sanaa zenye nakala chache, si kwenye bidhaa ya mamilioni. Kejeli hiyo ilizaa fedha halisi: nakala namba 0000001, iliyokuwa ya Ringo Starr, iliuzwa mnadani mwaka 2015 kwa dola 790,000.

Mpenda Santuri:
Fundi amenitikisa. Nimeitoa nakala yangu ya Beatles kabatini: upande wa juu umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na duara la santuri limejichora mbele, jambo ambalo jalada lenye picha lingelificha. Nimefumba macho nikapitisha kidole. Herufi bado zipo. Kwa leo naiweka kando kura niliyompa Saville.