Watoto wa Magomeni: gumzo la safari ya Desemba

*Jumatano*

Da Rehema 19:12
Jamani habari za jioni. Nimerudi na ile habari yetu ya Desemba. Leo nataka tumalize suala la TIKETI ZA PAKI tu, nauli baadaye. Naomba tusichanganye.

Da Rehema 19:14
Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, kina paki nne za michezo: Ferrari World, Yas Waterworld, Warner Bros. World na SeaWorld. Kuna tiketi ya paki moja. Kuna ya kuhama, asubuhi uko hii, mchana unahamia ile. Halafu kuna ya siku kadhaa, paki zote, mnaamua wenyewe leo wapi kesho wapi. Mimi naona hii ya mwisho ndiyo yetu. Mnasemaje?

Sele 19:15
Paki nne na gari hatuna hata moja 😂

Sele 19:15
Yas ndiyo hii ya simu? Tiketi inakuja na bando?

Da Rehema 19:16
Sele.

Sele 19:16
Si nauliza tu. Juzi ilikuwa Tigo, leo imekuwa kisiwa.

Wifi Neema 19:17
😂😂😂

Da Rehema 19:40
Tiki za bluu naziona. Mnasoma mnanyamaza. Kwenye picha za harusi mnakuwa wa kwanza.

Da Rehema 19:48
Haya nitoe hesabu mwenyewe. Paki moja kwa mtu mmoja inapita dirham 300. Dirham piga kama shilingi 700. Ni laki mbili na ushee kwa kichwa. Tuko 11. Siku moja, paki moja, milioni mbili na laki tatu, hamjanunua hata maji ya kunywa. Tukisema paki zote nne kwa tiketi moja moja, inavuka milioni tisa. Ndiyo maana nasema ya pamoja, kwa sababu paki ya pili hulipi bei nzima, unaongezea tu.

Mama Shani 20:05
Hiyo ya kuamua wenyewe leo wapi kesho wapi. Kama ile ya Mafia?

Da Rehema 20:06
Dada, ya Mafia yaliisha.

Mama Shani 20:06
Kwako yaliisha. Wewe ulikuwa Kilindoni unakula pweza. Sisi tulilala Nyamisati, Abuu wa miezi sita, na mbu.

Da Rehema 20:07
Hela nilirudisha.

Mama Shani 20:07
Nusu.

Sele 20:08
Nusu nyingine iko paki 🙈

Da Rehema 20:08
Sele nitakutoa humu wallahi.

Wifi Neema 20:22
Wifi mimi nina swali dogo. Watoto wanaruhusiwa kupanda vyote? Nimeona video ya lile treni la Ferrari, mwendo 240 kwa saa, watu wamevalishwa miwani kama mafundi wa kuchomelea.

Da Rehema 20:24
Hiyo ni Formula Rossa. Lazima mtu awe na kimo cha sentimita 140 kwenda juu. Ya wadogo yapo mengine mle ndani. Wapimeni watoto leo leo mniletee vimo.

Zai 20:41
Shikamooni. Mama mdogo, nimempima Abuu kwenye fremu ya mlango wa bibi kwa futi ya mama ya cherehani. 131. Alipanda kwenye vidole nikamshusha, akanyoosha shingo nikamwambia na yenyewe haihesabiwi.

Zai 20:41
📷 [picha: mstari wa kalamu kwenye fremu, chini yake "ABUU", juu yake mistari ya zamani ya kina mjomba]

Zai 20:42
Sasa analia.

Sele 20:43
Mwambie ale ugali, mpaka Desemba sentimita tisa si nyingi.

Sele 20:44
Huo mstari wa juu kabisa ni wangu?

Mama Shani 20:45
Wa Hamisi. Na futi yangu irudi kwenye droo.

*Alhamisi*

Mjomba Kassim 05:58
📷 [picha: waridi jekundu, "Asubuhi njema, mshukuru Mola wako"]

Da Rehema 06:10
Shikamoo mjomba. Wewe tukuhesabu unakwenda?

Da Rehema 11:32
Mjomba?

Fadhili (Deira) 13:20
Salaam. Samahani nilikuwa zamu ya usiku, ndiyo naamka. Nimesoma yote. Niseme ninachokijua, maana wageni wa Yas nimeshawapeleka mara tatu.

Fadhili (Deira) 13:26
Kabla ya tiketi, jiulizeni mtalala wapi. Mkilala kwangu Deira, huku Dubai, Yas ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari, hiyo ni kwenda tu. Basi la E100 linatoka Al Ghubaiba, linawapeleka stendi kuu ya Abu Dhabi, na Yas iko kabla ya mjini. Kwa hiyo mtarudi tena nyuma na watoto na mabegi. Mtu anayetoka mbali hivyo, paki mbili kwa siku moja zina maana, kwa sababu njia ni ileile na kuchoka ni kulekule.

Fadhili (Deira) 13:31
Ila siyo paki yoyote na yoyote. Ferrari na Warner ziko ndani ya majengo, kiyoyozi tupu, na hazikai mbali. Hizo zinaoana. Msithubutu kuanza na ya maji. Wageni wangu wa mwisho walianza na maji, saa tisa wakatoka, nguo mbichi kwenye mfuko wa rambo zinachuruzika, mtoto amelala begani, baba yake anatembea na kandambili mkononi kwa sababu moja ilikatika. Nikawaambia haya, paki ya pili hiyo. Mama mtu akaniangalia tu. Tiketi tumerudi nayo Deira haijaguswa.

Wifi Neema 13:33
Maskini 😂

Fadhili (Deira) 13:35
Na wikiendi ya huku siku hizi ni Jumamosi na Jumapili, tangu 2022. Ijumaa ni nusu siku. Njooni Jumanne au Jumatano. Tarehe 2 na 3 Desemba ni sikukuu yao ya taifa, hapo foleni mtaihadithia wajukuu.

Da Rehema 13:36
Fadhili Mungu akuweke. Wewe ndiye wa kwanza kuongea maana tangu jana. Kwa hiyo siku tatu paki nne?

Fadhili (Deira) 13:40
Siku tatu kutoka Deira ni kwenda na kurudi mara tatu. Labda mlale Yas kwenyewe. Kule kuna basi la bure, Yas Express, linazungukia paki. Hapo ndipo tiketi ya kuchagua inapolipa: mtoto akichoka mnamrudisha chumbani alale, jioni mnaingia kwingine. Lakini mnachookoa kwenye tiketi hoteli inakichukua.

Wifi Neema 13:41
Kwa hiyo tunaokoa au hatuokoi?

Fadhili (Deira) 13:41
Inategemea.

Sele 13:42
Jibu la mganga. Sasa tulete kuku mweusi?

Da Rehema 13:44
Na SeaWorld je?

Fadhili (Deira) 13:46
Kubwa mno, ilifunguliwa 2023, karibu yote iko ndani. Wale nyangumi weusi kwa weupe wa kwenye sinema hawana, msije kwa ajili yao. Pengwini wapo.

Sele 13:47
Samaki si Feri? Saa kumi na mbili asubuhi, kiingilio hakuna, na unarudi na changu wa mchuzi.

Mama Shani 13:55
Leo Sele umesema neno.

Zai 14:10
Mama mdogo, na Disney walitangaza 2025 kwamba watajenga hapo hapo Yas.

Sele 14:11
Basi tungoje. Wakimaliza kujenga na sisi tutakuwa tumemaliza kuchanga.

Da Rehema 14:12
HATUNGOJI. Pigeni kura.
A: siku moja, paki mbili.
B: siku tatu, paki zote.
C: paki moja basi.
Mwisho leo saa nne usiku.

Wifi Neema 14:30
A. Lakini hiyo ni yangu, Hamisi atasema mwenyewe.

Wifi Neema 14:31
Samahani natoka nje ya mada, nani ana namba ya fundi pampu? Maji hayapandi kwenye tenki tangu juzi.

Sele 14:32
Ninayo, nakutumia pembeni shemeji. Yule wa Ubungo, mfupi.

Da Rehema 14:33
Nimepata kura moja na fundi pampu.

Mama Shani 17:18
Unanunua tiketi na visa hazijatoka? Jina moja likikwama, tarehe ya paki itamsubiri mtu?

Fadhili (Deira) 18:02
Dada kasema kweli. Visa kwanza. Halafu kabla ya kulipa soma masharti yote: tarehe inabadilishwa? Hela inarudi? Siku ni za mfululizo au unaweza kuruka? Neno "ya kuchagua" linauza, ila kila tiketi ina mipaka yake.

Da Rehema 18:05
Si ndiyo maana nataka inayobadilika!!

Mama Shani 18:06
Ya Mafia nayo ulisema inabadilika.

Zai 21:04
🎤 [sauti, 1:12]

Sele 21:06
Zai hii nasikia feni tu na adhana ya mbali.

Zai 21:06
Ni bibi. Ngoja niandike. Amesema niandike kama alivyosema, nisipunguze.

Zai 21:13
"Rehema mwanangu. Tangu jana nawasikia mnahesabu. Mmempima mtoto mlangoni kwangu mpaka akalia. Mimi sina neno na paki, watoto ni wa kucheza. Ila baba yenu siku ya mwisho alisema maneno mawili. La kwanza mnalijua. La pili akasema, mama yenu mpelekeni Umra. Mlikuwepo wote, Hamisi ndiye aliyemshika mkono. Huu mwaka wa nne. Sasa mnakwenda huko kwa Waarabu, mnafika mpaka karibu na mlango, mnarudi. Sikatazi. Nauliza tu. Kwenye hao kumi na moja na mimi nimo? Na kama nimo, mimi nitapanda kipi?"

Zai 21:13
Basi, hapo ndiyo mwisho.

Sele 21:50
Shikamoo mama.

Da Rehema 22:03
Shikamoo mama. Tumekusikia.

Da Rehema 22:04
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mjomba Kassim 22:30
Dada kasema.

Kaka Hamisi 23:41
Nimesoma yote. Umra ya mama iko juu yangu, niliitamka siku ile na sijaitengua. Lini, ndiyo sijajua. Mwaka huu mnajua ulivyokwenda.

*Ijumaa*

Da Rehema 06:31
Asubuhi njema. Sikulala vizuri. Nimefikiria hivi. Fadhili, ulizia mtu wawili kutoka Dubai mpaka Jeddah, visa na nauli, mama na mtu wa kumshika mkono. Paki tunapunguza. Ile ya siku tatu nimeiacha. Siku moja, paki mbili, Ferrari na Warner, Jumanne, kama alivyosema Fadhili. Maji watoto watakwenda Kunduchi tukirudi, maji ni maji.

Da Rehema 06:33
Nani anakwenda na mama?

Mama Shani 07:15
Mimi.

Da Rehema 07:16
Na Abuu?

Mama Shani 07:18
Abuu abaki na wewe huko paki. Usimwache Nyamisati.

Sele 07:19
Mimi sijasema kitu 🤐

Da Rehema 07:25
Sawa dada.

Wifi Neema 09:02
Wifi, sasa kila mtu anatoa shilingi ngapi? Hesabu ya jana si imeshavunjika.

Da Rehema 09:10
Nitaleta mpya Fadhili akishajibu. Mchango wa kwanza mwisho tarehe 30. Walioko mpaka sasa: mimi, dada, mama, Abuu. Neema kasema A. Sele?

Sele 09:11
Niandike kwa penseli.

Da Rehema 09:12
Kaka Hamisi, wako niuandike wa paki au wa Umra?

Da Rehema 12:40
Kaka nimeona umesoma.

Fadhili (Deira) 14:05
Ndiyo naamka. Ya Jeddah nitauliza Jumatatu, leo mchana ofisi zimeshafungwa. Ila msije mkanipa jina la mtu halafu mkabadilisha.

Da Rehema 14:06
Hatubadilishi.

Mama Shani 14:20
😏

Zai 16:48
Mama mdogo, Abuu ametoka shule, anataka apimwe tena.

Da Rehema 16:49
Ngapi?

Zai 16:52
133 na nusu. Ila futi mama kaificha, nimepimia rula. Na viatu kagoma kuvua.