Freemason daraja la kwanza: niende la pili au niishie hapa? Mke amegoma

Mkadiriaji_Dar (mtoa mada)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tuongee kiutu uzima, matusi tuyaweke pembeni.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, nina mke na watoto, Mkatoliki. Mzee mmoja aliyekuwa bosi wangu kabla hajastaafu ndiye aliyenidhamini kuingia Freemason. Hakunifuata. Mimi ndiye niliyemuuliza, maana miaka yote nilikuwa namwona akienda vikaoni na suti nyeusi na kibegi chake, wala hafichi. Nikajaza fomu, nikaitwa kuhojiwa. Swali la kwanza lilikuwa kama naamini Mungu yupo. Baadaye wakaulizia kama mke wangu anajua na anaafiki, na kama ada itanipunguzia chakula cha watoto. Wakapiga kura, nikapita.

Siku ya kuingia nilivuliwa saa, sarafu, chochote cha chuma. Suruali mguu wa kushoto ikakunjwa juu ya goti, nikafungwa kitambaa machoni. Mbele ya safari nikaombwa mchango wa maskini. Mfukoni sina hata mia, na watu wote wananitazama. Ikabidi niseme sina. Ndipo nikaelezwa kwamba siku nikikutana na mtu asiye na kitu nikumbuke nilivyojisikia pale. Hilo lilinishika kuliko mengine yote.

Damu sikuiona. Hela natoa mimi: kiingilio, ada ya mwaka, chakula baada ya kikao, na bado kuna mchango wa misaada.

Sasa mzee anasema nijiandae na daraja la pili. Inabidi nisimame mbele ya loji, yaani tawi letu, nijibu maswali kwa kichwa, Kiingereza cha kizamani kwelikweli. Nayakariri nikiwa kwenye foleni ya Morogoro Road mpaka konda wa daladala ya jirani ananishangaa.

Tatizo liko nyumbani. Mke wangu alijua tangu fomu na hakupinga. Lakini mwaka huu amechaguliwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, na kwenye grupu lao kuna mtu amesambaza jibu la Vatikani la 2023 linalokataza Mkatoliki kuwa Freemason. Juzi kaniambia: "Baba Neema, la kwanza nilinyamaza. La pili sinyamazi." Kwetu nako ni vituko: shangazi anataka nimmalizie msingi wa nyumba, mpwa anataka ada, eti mjomba yuko kwenye hela.

Je, mtu anaweza kubaki daraja la kwanza tu akaridhika na mke akaridhika? Aliyepanda aniambie huko juu kuna nini.

Chale_wa_Mbagala

Mkuu unajitesa kukariri. Hapa kwetu kuna karatasi kwenye nguzo ya umeme, unatuma hela ya fomu leo, kesho unaamka na V8 😂

Mama_Kiwanja

Chale usitanie. Mdogo wangu alituma ya fomu. Ikaja ya pete. Ikaja ya kusafirisha sanduku la dola. Akauza bodaboda, na ile namba haikupatikana tena. Mtoa mada, hawa wako angalau walikuhoji kabla ya kuchukua hela.

Bonde_la_Msimbazi

Nina daraja la tatu na nimeshika vyeo kadhaa, kwa hiyo nijibu nilichokiona.

Kwenye fomu kuna sehemu unathibitisha kwamba hujaja kwa kutafuta faida. Mpe shangazi aisome. Anayekuahidi utajiri kwa simu si mwenzetu, ni tapeli.

Kubaki la kwanza inawezekana. Hakuna atakayekufukuza, ada unalipa kama wengine. Ila kikao kikifunguliwa kwenye daraja la pili au la tatu unaombwa utoke nje, unakaa kwenye kochi na simu yako mpaka wamalize. Utachoka. Daraja la kwanza limewekwa kama mlango, halikuwekwa kama sebule.

Kwa loji zilizo chini ya Grand Lodge ya Uingereza, chombo chao kikuu, kati ya daraja na daraja lazima zipite angalau wiki nne, lakini loji nyingi zinachukua muda mrefu zaidi kwa sababu kuna foleni ya watu. La tatu likishapita ndiyo kazi inaanza. Unahudumia meza, kisha unakuwa mlinzi wa mlango wa ndani, kisha shemasi mdogo, shemasi mkubwa, msimamizi wa pili, msimamizi wa kwanza, halafu kiti cha mkuu wa loji. Kwa kawaida kila nafasi ni mwaka mmoja, na kila nafasi ina maneno yake ya kukariri. Ukimaliza mwaka wako kwenye kiti unarudi kukaa na wazee, kazi yako ni kumnong'oneza kijana mstari aliokwama. Uliyekuwa unamwogopa kumbe ni mzee wa presha anayesahau miwani.

Huko juu nimepata marafiki ambao nisingewapata, Wahindi, Wazungu, Wachaga, na woga wangu wa kuongea mbele za watu umeisha. Siasa na dini haviruhusiwi kubishaniwa ndani, na kwa kweli hilo pekee linapumzisha.

Kijana_wa_Kisutu

Na kile kiapo cha kukatwa koo?

Bonde_la_Msimbazi

Zile adhabu za mwili Grand Lodge ya Uingereza iliziondoa kwenye viapo mwaka 1986. Na kutoka ni barua tu kwa katibu, ukiwa umelipa ada yako.

Mwalimu_Katekista

Mimi nisimame upande wa mama mwenyekiti, bila kukutisha.

Sheria ya Kanisa ya 1917 iliwataja Freemason kwa jina na kuwatenga. Ile ya 1983 haikuwataja, watu wakadhani Kanisa limelegeza. Ndiyo maana tarehe 26 Novemba 1983, siku moja kabla sheria mpya haijaanza kutumika, likatoka tamko lililosainiwa na Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI: msimamo ni uleule, Mkatoliki aliyejiunga yuko katika dhambi kubwa na hapokei Komunyo. Novemba 2023 likarudiwa baada ya askofu mmoja wa Ufilipino kuuliza.

Sasa soma vizuri, ndugu yangu. Hakuna mahali panaposema la kwanza ni ruksa na la pili ni marufuku. Mkeo amechora mstari wake mwenyewe kwa sababu anakupenda na anatafuta pa kusimamia. Ukibaki la kwanza ili kumridhisha, kwa Kanisa hujabadilisha chochote.

Otieno_Nai

Hapa Nairobi jumba lao liko Nyerere Road, kila mtu analipita. Kwenu Sir Andy Chande, aliyefariki 2017, aliongoza wilaya yao ya Afrika Mashariki na alijitaja hadharani. Lakini yeye hakuwa na paroko, bro. Kesi yako ni tofauti.

Dada_Tabata

Samahani shemeji, naona mnajadili madaraja tu. Huyo mama kila Jumapili anakaa kwenye benchi la viongozi, mumewe haendi kukomunika au anaenda akijua hatakiwi. Wanajumuiya wanaona. Yeye ndiye anayeulizwa, wewe uko kwenye foleni unakariri. Umeshamuuliza anajibu nini akiulizwa?

Mkadiriaji_Dar

Dada Tabata, sijamuuliza. Leo usiku namuuliza.

Mwalimu, hilo la mstari sikuwa nimeliona kabisa, nilidhani nikikaa kimya hapa nilipo pande zote zitatulia. Nimempigia mzee, nimemwomba wanitoe kwenye ratiba ya daraja la pili kwa sasa. Hakununa, kasema nafasi atapewa anayefuata. Jumamosi mimi na mke tunaenda kwa paroko pamoja. Kujiuzulu au kuendelea nitaamua baada ya hapo, tukiwa wawili.

Bonde, swali la mwisho: ile aproni nyeupe ninayovaa kikaoni ni yangu au ya loji? Na mzee alikuwa ameshaniambia niagize ya buluu.

Bonde_la_Msimbazi

Nyeupe mara nyingi ni ya loji, wanaiazimisha kila anayeingia, muulize katibu. Ya buluu ni ya daraja la tatu, hiyo ndiyo unanunua mwenyewe na bei yake si mchezo. Usiagize kitu kabla ya Jumamosi.