Mmea unaotega wadudu chini ya ardhi, unafanyaje?

MamaBustani:
Habari zenu wadau. Mwanangu kasoma habari ya mmea wa Borneo, upande wa Indonesia, unaitwa Nepenthes pudica, ni ile jamii yenye mitungi midogo wadudu wanatumbukia humo wanameng'enywa, sasa huu eti mitungi yake iko chini ya udongo! Si itajaa udongo? Na waliuonaje jamani? Kila jioni ananiuliza na mimi sina jibu.

MzeeWaMiche:
Ni kweli kabisa dada, wataalamu wa Czech na wenzao wa Indonesia waliutangaza mwaka 2022. Walikuwa milimani Kalimantan Kaskazini, huko huko Borneo, wakaona hii mimea, majani ni yale yale ya jamii hiyo lakini mitungi hamna, wakatafuta weee wakaona mtungi mmoja umepinda unachungulia kutoka udongoni. Halafu mmoja wao akabandua kuvumwani (vile vimimea laini vinavyotanda kama zulia) kwenye shina la mti wakati anapiga picha, akakuta mitungi imejazana, myekundu iliyokolea, imeshikana na kichipukizi chenye vijani vyeupe pee. Vyeupe kwa sababu huko hakuna jua, chakula kinachohitaji jua kinatengenezwa na majani ya juu. Mingi inakaa kwenye matundu chini ya mizizi na kuvumwani ndo maana haijai udongo, ingawa mingine inaota humo humo udongoni. Mtungi unafika sentimita 11, na wanaonaswa zaidi ni sisimizi. Pudica ni Kilatini, maana yake mwenye haya.

Kijani_Tanga:
Niongezee hapo, kutega chini ya ardhi kwenyewe si kugeni, kuna mmea mwingine unaitwa Genlisea, hata Afrika upo, unatega hivyo hivyo, ila unakamata vijidudu ambavyo kwa macho huvioni. Huu pudica ndo wa kwanza wenye mitungi kunasa wadudu wakubwa kama sisimizi na mbawakawa huko chini.

MamaBustani:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Sasa kwa nini ujifiche?

MzeeWaMiche:
Wanavyodhani wao, kule juu kwenye migongo ya milima, mita 1,100 hadi 1,300, panakauka, chini unyevu unatulia na wadudu wanakimbilia huko. Mwambie na hili atafurahi: ndani ya hiyo mitungi walikuta viluwiluwi vya mbu na minyoo wanaishi humo salama, na mnyoo mmoja ulikuwa haujawahi kujulikana na sayansi.