Kama Mungu anajua nitakachofanya kesho, hiari yangu iko wapi? Naombeni ushauri

Msaka Tonge: Wakuu, habari za usiku. Leo siku ya tatu sipati usingizi. Hii hiari tuliyonayo, ametupa Mungu au ni yetu wenyewe? Na kama katupa Yeye, na alijua tangu sijazaliwa kwamba nitafanya jambo fulani, nami nimelifanya, kosa la nani? Waliosoma dini wanisaidie. Wa matusi mpite kimya.

Ustadhi Kibaraza: Swali la kale hilo. Katika Uislamu wa kale, kundi la Majabria walisema mtu ni kama unyoya kwenye upepo. Kundi jingine, Muutazila, wakasema anaumba matendo yake mwenyewe. Mimi hunitosha kisa cha khalifa Sayyidna Umar: alikuwa anaelekea Sham (upande wa Syria), akapata habari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda, amiri wa jeshi lake huko, akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mungu? Akajibu, naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa ngamia bondeni, upande mmoja majani, upande mwingine pakavu. Ukiwalisha huku au kule, yote kadari. Naongeza langu: fimbo ya kuwaswagia unayo wewe.

Dada Upendo: Kumbukumbu la Torati 30:19. Umewekewa uzima na mauti, ukaambiwa uchague. Asingekupa uwezo, angekuambia uchague ili iweje? Ila mdogo wangu, teolojia haimnyimi mtu usingizi siku tatu. Umefanya nini?

Kichwa Maji: Kampa mtu mimba huyo.

Msaka Tonge: Sio mimba. Kuna hela imeingia kwenye simu, laki tisa. Usiku wake nilikuwa nimepiga magoti naomba, nyumba yangu inavuja. Asubuhi saa moja na dakika kumi, meseji hiyo. Sasa aliyekosea namba, kakosea mwenyewe au kasukumwa?

Mjukuu wa Chifu: Muacheni Mungu apumzike. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Benjamin Libet, alipima ubongo wa watu wakikunja kiganja muda wanaoutaka wao. Ubongo ulianza kujiandaa karibu theluthi ya sekunde kabla mtu hajahisi kwamba ameamua. Hiari mnayoigombania huenda haipo.

Mpare Halisi: Theluthi ya sekunde ni ya kukunja kiganja, mkuu. Kwa wakala mtu anapanga foleni, anatoa kitambulisho, anasaini daftari. Muda wote huo ubongo unajiandaa tu? Mleta uzi, hela umeitoa au iko kwenye simu?

Msaka Tonge: Nimeitoa. Kwa mawakala wawili.

Dada Upendo: Ona sasa. Mimi niliwahi kutumiwa elfu arobaini kimakosa, nikarudisha dakika ileile. Makato nikalipa mimi, asante sikupewa. Yule kaka mpaka leo tunapishana sokoni kama hanijui. Lakini nililala.

Mpare Halisi: Dada, tumekusikia. Meseji huja na jina. Jina la nani?

Msaka Tonge: Namfahamu. Nilimpigia vigae nyumba ya vyumba vinne huko Chanika, akabaki na laki sita na arobaini yangu. Mwaka wa pili huu, kila nikipiga hapokei. Naona kabonyeza jina siyo. Kapiga mara kumi na moja, na mimi sipokei. Mnaniita mwizi, sawa. Ila Mungu akitaka kumlipa fundi, apitie mlango upi?

Ustadhi Kibaraza: Kumbe una deni lako. Hapo nakuelewa, ingawa njia yako siipendi. Na hizo laki mbili na sitini zilizozidi, nazo ni kadari?

Msaka Tonge: Nimenunua bati.

Kichwa Maji: CHAI HII! Wiki iliyopita kwenye uzi wa mafuta kupanda huyu alisema anaendesha bodaboda. Leo fundi vigae. Halafu anayekudhulumu anakutumia hela kwa bahati mbaya? Namba yako angeshaifuta zamani.

Msaka Tonge: Bodaboda naendesha jioni. Vigae havipatikani kila siku.

Mpare Halisi: Kichwa Maji, hujawahi kudaiwa wewe. Namba ya anayekudai huifuti, unaihifadhi ili ujue usipokee. Mimi ninazo sita.

Mjukuu wa Chifu: Mimi naona chai, ila tamu.

Ustadhi Kibaraza: Iwe chai isiwe chai, swali lake la kweli. Pokea simu, kata lako mbele ya mashahidi, zilizozidi rudisha.

Dada Upendo: Bati zimeshapigwa zote?

Msaka Tonge: Zimebaki nane, ziko chini ya mwembe.

Dada Upendo: Basi hizo nane zirudishe dukani kesho asubuhi, uanzie hapo.

Msaka Tonge: Risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Kichwa Maji: Sasa hiyo ndiyo kadari.