Nisaidieni: Morrison's Jig ya kwenye karatasi na ya wazee wa Galway hazifanani, nishike ipi?

Fidla_Mkunazini
Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi nimekulia kwenye taarab Unguja, fidla naipiga tangu udogoni. Sasa nipo Galway, Ireland, mwaka wa pili kikazi. Kuna baa moja hapa kila Jumanne usiku wazee hukaa duara na fidla, filimbi na kodiani, wanapiga miziki ya kwao bila karatasi. Nilitamani mno kukaa nao. Nikachapisha kutoka mtandaoni nota za Morrison's Jig (jigi ni muziki wao wa kuchezea, unakwenda sita kwa nane), nikafanya mazoezi mwezi mzima mpaka vidole vikawa vinakwenda vyenyewe.

Jumanne iliyopita wakaianza, nami nikaingia. Kipande cha kwanza tulikwenda pamoja, ila pale nilipovuta nota ndefu wao walikuwa wanaizungusha. Kipande cha pili, mara ya kwanza sawa. Mara ya pili, katikati, wao wakapanda nota ya G ya juu, mimi nikateremka peke yangu. Niliusikia uzi wangu ukilia kinyume cha watu tisa. Nikaiweka fidla mapajani mpaka wakamaliza. Hakuna aliyeniambia neno, lakini usiku ule sikulala.

Ipi ndiyo ya asili? Nitafute karatasi nyingine au nianze upya?

Santuri_Kuukuu
Waalaikum salaam dada, pole sana. Anza na jina. Jigi hiyo inaitwa Morrison's lakini Morrison hakuitunga. James Morrison alizaliwa Drumfin, mkoa wa Sligo hukohuko Ireland, mwaka 1893, akahamia Marekani 1915, na New York akasifika kwa fidla na kwa kufundisha hata wakamwita Profesa. Jigi aliipata kwa Tom Carmody, mpiga kodiani wa bendi yake, mtu wa Kerry, mkoa mwingine wa Ireland, naye aliitoa kwa baba yake, Maurice. Ndiyo maana santuri ya 1936 iliandikwa "Maurice Carmody's Favorite". Ina jina jingine pia, "The Stick Across the Hob". Santuri zikavuka bahari kurudi Ireland, watu wakaisikia kwa Morrison, basi ikabaki yake mpaka leo.

Kwa hiyo ukitafuta ya asili utafika kwa mzee wa Kerry, baba yake Carmody. Ni enzi zilezile Siti binti Saad alipopelekwa Bombay kurekodi, 1928. Unajua mwenyewe nyimbo zake zilivyopita midomoni mwa watu baada ya pale: sahani ni moja, waimbaji mia.

Na ujue, sahani za Morrison na Michael Coleman, naye wa Sligo, ziliwafanya wapigaji wengi wa mikoa mingine waige upigaji wa Sligo. Mkoa wa Donegal bado utasikia upinde unakata nota mojamoja, mkavu. Sligo upinde mmoja unabeba nota kadhaa. Jigi ileile, ladha mbali.

Nyuzi_Nne
Dada, mimi nikuonyeshe mkononi. Nota zake ni za ngazi ya D lakini makazi yake, yaani nota inapotulia, ni E. Ile E ya kuanzia na B inayofuata zote ni kidole cha kwanza, moja uzi wa D, nyingine uzi wa A. Kilaze kidole juu ya nyuzi zote mbili na usikiinue. Hapo utaona kwa nini wazee hawachoki.

Ile "kuizungusha" ni E, F shapu, E, D, E kwa haraka, upinde mmoja. F iguse tu, kama unagusa sufuria ya moto. Wengine hawazungushi, wanaivunja E-B-E. Wengine wanavuta ndefu kama ulivyofanya wewe. Zote tatu utazikuta kwenye duara moja usiku mmoja, na hazigombani.

Pale ulipopotea si mapambo, ni njia nyingine kabisa. Karatasi yako imeandika kipande cha pili kirudiwe vilevile. Wengi marudio yake wanayageuza: wanatua G ya juu, wanakaa, ndipo wanashuka. Jifunze hiyo kwanza.

Mwana_wa_Nota
Nyuzi_Nne, sitaki tu dada aelewe kwamba atupe karatasi. Bila karatasi asingefika hata kipande cha kwanza. Aiweke, aandike kwa penseli juu yake kila anachosikia. Akienda Dublin apite Merrion Square, kuna hifadhi ya muziki wa asili wa Ireland iliyoanzishwa 1987, aketi asikilize rekodi za zamani.

Nyuzi_Nne
Nakubali mkuu, ila penseli ifuate sikio.

Fidla_Mkunazini
Ndugu zangu, nimerudi kuwapa habari. Jana nilikwenda, fidla nikaiacha kwenye mkoba. Walipopumzika nikamwomba bibi mmoja mwenye fidla aniruhusu nirekodi kwa simu. Akaipiga polepole mara tatu, na kila mara ile E ya mwanzo aliifanya vingine. Nikamuuliza ipi sahihi. Akasema ya kwake ni ya baba yake. Mzee wa filimbi pembeni akadakia kwamba kwao haipigwi hivyo, akapiga ya kwao, kisha wakazipiga zote mbili kwa pamoja huku wananitazama mimi. Kidole kulala juu ya nyuzi mbili kimefanya kazi, Nyuzi_Nne, Mungu akulipe.

Sasa wamenipa mtihani: Jumanne ijayo nilete kitu cha kwetu. Nafikiria chakacha, maana nayo inakwenda sita kwa nane na wataishika haraka. Mnaojua, nipeni moja ambayo fidla inaweza kuibeba bila ngoma.